Daftari la Watu Wawili

Siku ya kumi na mbili bila simu, Mkamburi alishuka mlima wa Sagalla bila kumuaga mtu.

Alikuwa amepanga foleni ya maji tangu alfajiri, akaleta mitungi miwili na kujaza pipa la jikoni. Akamtengea baba yake chai na viazi vitamu, akavaa gauni la buluu ambalo shangazi yake husema ni la kanisani tu, akatoka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na hakuwa amewahi hata siku moja kutoka nyumbani bila kusema anakokwenda. Lakini mtihani wake wa kidato cha nne ulikuwa unaanza Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi.

Wenzake waliufanya mtihani huo miaka saba iliyopita. Yeye alikuwa kidato cha tatu figo za mama yake zilipoanza kufeli, akaacha shule ili amuuguze. Baada ya mazishi walibaki wadogo zake wawili, Ronald na Cynthia, na mtu wa kuwapikia, kuwafulia na kuwasimamia homuweki alikuwa ni yeye. Sasa wote wawili walikuwa vyuoni. Mapema mwaka huu Mkamburi alijiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, hana darasa wala mwalimu. Alichokuwa nacho ni simu.

Kwenye simu hiyo kulikuwa na kundi la WhatsApp la watahiniwa kama yeye kutoka kaunti nzima. Walianza watu arobaini na mmoja. Kufikia Pasaka walikuwa wamebaki wawili wanaosoma kweli: yeye, na mwanamume mmoja wa Chala, kule mpakani na Tanzania, anayeitwa Alvin.

Alvin ndiye aliyemwonyesha kwamba kuna vitu vya bure mtandaoni na havitaki chochote isipokuwa bidii. Kulikuwa na daftari ambalo yeye akiandika Sagalla, Alvin anasoma papo hapo Chala. Kulikuwa na kalenda ya pamoja, vipindi vya Mkamburi kwa rangi ya kijani, vya Alvin kwa rangi ya chungwa. Kulikuwa na kadi za maswali, swali mbele na jibu nyuma, na programu yenyewe inajua ni kadi gani unaanza kuisahau, inakurudishia. Kila jioni saa kumi na mbili Alvin alipiga simu kumuuliza zile kadi.

Sauti ya Alvin ilikuwa na kigugumizi. Maneno mengine yalimgomea mlangoni, na Mkamburi alijifunza kungoja. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukaingia, na siku moja akagundua kwamba kule kungoja kunampendeza kuliko jibu lenyewe. Hawakuwa wameonana. Alvin hakuweka picha yake popote, na yeye aliona haya kuiomba.

Wiki mbili kabla ya mtihani, baba yake, Mzee Nicholas, alimkuta jikoni akicheka na simu sikioni. Hakufoka. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akatoka nayo uani. Mkamburi alimsikia akisema, "Kijana, huyu unayempigia ana baba. Usimpigie tena." Kisha akaifungia simu ndani ya sanduku lake la nguo.

Tangu siku hiyo, kimya.

*

"Umepotea," alisema Pauline, mkutubi wa maktaba ya Voi, alipomwona mlangoni. "Nilidhani umeolewa."

"Nilinyang'anywa simu."

"Na mwizi?"

"Na baba."

Pauline alimtazama kidogo, asiulize zaidi. Akamvutia kiti cha kompyuta iliyo karibu na dirisha. "Kaa hapo. Na ukiona nyumbani hapasomeki, kwangu kuna kitanda cha ziada. Kutoka kwangu hadi kituo chako cha mtihani ni dakika kumi kwa miguu. Mimi nikisema kitu nimesema."

Mkamburi aliandika anwani yake ya barua pepe na neno la siri. Alijua daftari halikai ndani ya simu, Alvin alishamweleza hilo siku ya kwanza. Alichoogopa ni kulikuta limesimama palepale alipoliacha.

Halikuwa limesimama.

Kurasa zilikuwa zimeongezeka, siku kwa siku, tarehe juu ya kila moja. Sheria za Mendel. Vita vya Pili vya Dunia. Milinganyo ya kemia, iliyosawazishwa hatua kwa hatua. Na kwenye sura ya figo, ambayo Mkamburi alikuwa akiiruka tangu mwaka uanze, Alvin alikuwa ameandika: "M., hii najua huwa unaikwepa, na najua sababu. Nimeifupisha. Damu inachujwa kwanza, halafu mwili unarudisha kile unachohitaji. Isome mara moja tu, ukiwa tayari."

Akafungua kalenda. Vipindi vyake vya kijani, vile alivyokosa, havikuwa vimefutwa. Mtu alikuwa amevisogeza mbele, siku baada ya siku, vikangoja.

Mkamburi alifuta macho kwa kiganja, kisha hasira ikampanda. Akateremka hadi mwisho wa daftari, akaandika:

"Uko?"

Zikapita dakika kama tatu. Kijistari cha rangi ya chungwa kikatokea chini ya neno lake, kikapepesa.

"Niko."

"Siku kumi na mbili. Hukupiga hata mara moja."

"Baba yako aliniambia nisipige. Nikakubali."

"Ulikubali."

"Ni baba yako. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia kwamba mimi ni mtu mzima, nina mdomo, na niulizwe."

Kijistari kilisimama. Kikaanza tena.

"Nilijaribu. Aliniuliza natafuta nini kwa binti yake. Unajua ninavyoongea. Neno likanikwama, akasema mtu asiyeweza kujibu ana la kuficha. Akakata simu."

"Na bado ukaendelea kuandika."

"Alinikataza kupiga simu. Daftari hakulitaja."

Mkamburi alicheka peke yake, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akamtupia jicho. Aliweka vidole tena juu ya vitufe kabla woga haujamwahi.

"Nataka kukuona. Leo."

"Mtihani ni keshokutwa."

"Ndiyo maana leo. Tukianza, wewe uko kituo cha Taveta, mimi Voi. Nataka nikiingia kwenye kile chumba niwe najua uso wako."

Safari hii kijistari kilipepesa muda mrefu bila kuandika kitu.

"Niko shambani," yakaja maneno. "Namwagilia vitunguu, matope hadi magotini. Nipe muda wa saa nne."

*

Katika saa nne hizo alisoma siku kumi na mbili zote. Hata figo. Aliisoma mara moja, kama alivyoambiwa, akainuka akanywa maji, akarudi.

Saa tisa alitoka hadi barazani. Kulikuwa na wanawake watatu wamekaa kwenye benchi, na mwanamume amesimama langoni akiwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mrefu kuliko yule aliyemjenga kichwani, mabega mapana, masikio yametokeza kidogo, shati jeupe lenye mistari ya kukunjwa. Macho yake yakahama kwenye benchi, yakapanda ngazi, yakamfikia. Hayakwenda kwingine.

"Mkam..." Akafumba macho. Shingo ilikaza. Wale wanawake wa kwenye benchi wakageuka kutazama.

Mkamburi alishuka ngazi moja, akasimama, akangoja.

"Mkamburi," alisema Alvin.

"Naam."

Hawakushikana mikono. Walisimama hatua mbili mbali, na kwa muda ulioonekana mrefu hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Ilikuwa ajabu kuisikia sauti ile ikitoka kwenye mdomo wa mtu, mwenye kovu dogo kidevuni.

"Hukuniambia wewe ni mrefu," alisema Mkamburi.

"Hukuuliza."

"Na picha? Kwa nini hukuweka hata moja?"

Alvin alitazama viatu vyake. Alizungumza polepole, akisimama palipohitaji kusimamwa. "Niliacha shule kwa sababu ya kusoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa ananiinua kila siku. Darasa linacheka. Siku moja nikatembea hadi nyumbani, sikurudi. Watu wakiniona na... na kunisikia kwa pamoja, wananihurumia. Nilitaka wewe unijue kwanza bila kunitazama nikihangaika."

"Nimeshakutazama. Sijaona mtu anayehangaika. Nimeona mtu amevaa shati la kanisani na kucha zimejaa matope ya vitunguu."

Akatabasamu, akaficha mikono nyuma. Mkamburi akatamani airudishe mbele.

"Baba alikuuliza unatafuta nini kwa binti yake," alisema. "Sasa nakuuliza mimi mwenyewe. Jibu, sina haraka."

Neno lilichukua muda. Gari likapita barabarani, vumbi likainuka likatulia. Alvin hakuyaondoa macho yake kwenye uso wa Mkamburi.

"Nataka nizeeke nikikuuliza maswali," alisema.

Mkamburi akashika nguzo ya baraza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Basi twende ukamwambie."

"Nani?"

"Baba."

"Leo? Mkamburi, tumalize mtihani kwanza. Mambo yakitulia, baada ya hapo..."

"Usiniambie baada." Alisema kwa ukali hata yeye mwenyewe akashangaa. "Miaka saba nimeishi kwa baada. Baada ya mama kupona. Baada ya mazishi. Baada ya Ronald kumaliza, baada ya Cynthia kumaliza. Sina baada nyingine, Alvin. Wewe ulimkubalia baba yangu kwa simu bila kuniuliza. Sasa njoo umkatalie nikiwepo."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza, tutakuwa tumefukuzwa wawili."

Alvin alimtazama kwa namna ambayo Mkamburi angeikumbuka hata akizeeka: kama mtu aliyeonyeshwa jibu la swali alilolikosa mwaka mzima. Kisha akaenda kutafuta bodaboda.

*

Pikipiki iliwafikisha mahali barabara inapoharibika, wakamalizia kwa miguu. Mzee Nicholas alikuwa uani akitia mpini kwenye jembe. Dadake, shangazi Teresia, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mbaazi. Waliwaona tangu mbali, na hakuna aliyekuja kuwalaki.

"Umetoka wapi?" aliuliza baba.

"Maktaba."

"Na huyu?"

"Huyu ni Alvin. Uliongea naye kwa simu ukakata kabla hajajibu. Nimemleta mmalizie mazungumzo."

Ungo wa Teresia ulisimama. Alvin akasogea mbele, akainamisha kichwa. "Shi..." Neno likakwama. Akavuta pumzi. "Shi..."

"Jamani, hata salamu inamshinda," alisema Teresia.

"Shangazi, ngoja."

"Mimi nasema tu kwamba..."

"Nimesema ngoja."

Katika ua ule hakuna aliyewahi kumsikia Mkamburi akitumia sauti hiyo. Teresia alifunga mdomo. Kuku alipita katikati yao. Alvin akamaliza: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Nicholas, maana salamu haikataliwi. Lakini alimgeukia bintiye. "Mimi nilikuonya. Nilikuambia bure ghali. Hakuna mtu anayekaa huko kwenye mtandao akigawa masomo bila kutaka kitu. Daftari bure, kalenda bure, mwalimu bure. Mwisho wake ni huu, mwanamume asiyejulikana kwao amesimama uani kwangu."

"Alvin hakunigawia masomo, Baba. Tulisoma pamoja. Hesabu nilimfundisha mimi."

"Ni kweli," alisema Alvin.

"Sijakuuliza wewe." Mzee aliligonga jembe chini ili mpini ukae. "Mtihani ni mambo ya watoto. Hapa kuna nyumba, kuna shamba, kuna mambo ya kanisa. Umekosa nini?"

Mkamburi alikuwa ameandaa maneno mengi njia nzima, yenye heshima na mpangilio. Yote yalimtoka. Likabaki moja ambalo hakuwahi kulisema hata moyoni.

"Baba, kama kuna kitu cha bure kilichotumika katika nyumba hii, ni mimi."

Jembe lilisimama. Teresia alinong'ona jina la Mungu.

"Hiyo ndiyo shukrani?" alisema mzee, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Nilimuuguza mama kwa kupenda. Ronald na Cynthia niliwalea kwa kupenda. Sidai chochote, na ingekuwa ni leo ningefanya vilevile. Lakini nilifikiri mkishasimama nyote, mtageuka mniangalie mimi nimesimama wapi. Hakuna aliyegeuka. Huyu hapa," akamwonyesha Alvin bila kumtazama, "siku kumi na mbili hakuruhusiwa hata kunisemesha, na kila siku aliandika masomo yangu pamoja na yake ili nisiachwe. Jumatatu nitaingia chumba cha mtihani. Siombi. Nakuambia."

Upepo wa mlimani ulivuma, ukapeperusha maganda ya mbaazi uani. Mzee Nicholas aliketi polepole kwenye gogo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka hadi Mkamburi akalazimika kusogea ili aisikie.

"Ukiondoka, nani atabaki?"

Kumbe lilikuwa hilo. Si mtandao, si Chala, si kigugumizi cha mtu. Ni kile chumba cha mama, na kiti chake, na jioni ndefu za mtu mmoja. Alitaka kupiga magoti pale vumbini aseme nitabaki, Baba, nisamehe. Ingekuwa rahisi sana. Ndivyo alivyofanya kila mara.

"Nitakuja kukuona," alisema, machozi yakimteremka bila kuyafuta. "Kila nitakapopata nafasi nitakuja, na nikija nitafurahi kukuona. Lakini sitabaki kwa sababu unaogopa nyumba tupu. Mama alipokuwa anaondoka alinishika mkono akaniambia rudi shule. Ulikuwepo."

Mzee alitazama ardhi.

"Nilikuwepo," alisema.

Mkamburi aliingia ndani. Akatia kwenye mkoba kitambulisho, kalamu nne, kikokotoo, magauni mawili na Biblia ya mama yake. Alipotoka, baba yake alikuwa bado kwenye gogo, na Alvin alikuwa bado amesimama palepale alipoachwa, jua la jioni usoni.

"Nitakaa kwa Pauline, yule wa maktaba, hadi nimalize," alisema Mkamburi. "Alvin ananisindikiza mpaka kwake kisha anarudi kwao. Shangazi anajua Pauline anaposali, anaweza kuja kuhakikisha."

"Na simu yako?" aliuliza Teresia, kana kwamba hilo lingemzuia.

"Baba akae nayo. Mtihani wenyewe hauruhusu simu."

Aligeuka kuondoka. Walikuwa wamefika kwenye uzio wa minyaa sauti ya mzee ilipowafuata.

"Wewe. Kijana wa Chala."

Alvin akageuka.

"Kwenu ni kwa nani?"

Mikono ya Teresia ilitulia kabisa juu ya ungo. Swali lile haliulizwi kwa mtu anayefukuzwa. Mkamburi alilijua hilo, na Alvin pia alilijua, kwa maana rangi ilimbadilika.

Alifungua mdomo. Jina la baba yake likakataa kutoka. Mishipa ya shingo ikasimama. Mkamburi alitaka kulisema kwa niaba yake, akajizuia. Mzee Nicholas aliliweka jembe chini, akaweka mikono magotini, akangoja.

"Kwa Mzee Obadiah," alisema Alvin. "Mkulima wa migomba."

"Obadiah anajua uko hapa?"

"Atajua leo."

"Basi aje mwenyewe. Si kwa simu." Kisha akamtazama bintiye, si kijana. "Karatasi ya mwisho ni lini?"

"Tarehe ishirini na moja."

"Aje baada ya tarehe hiyo."

"Sijakuomba ruhusa, Baba."

"Nimesikia. Na mimi sijakupa. Nimeuliza tarehe tu."

Walitazamana, baba na binti, wenye kidevu kimoja kigumu, na hakuna aliyeinamisha macho. Kisha Mkamburi akautupa mkoba begani, akaukataa mkono wa Alvin ulionyooshwa kuupokea, akatangulia njia. Nyuma yake alimsikia Alvin akimuaga mzee, polepole, neno kwa neno, bila mtu kumkatiza.